Jukwaa la Masii Lina Wenyewe: Barua ya Wazi kwa Bunge la Kaunti ya Machakos

Kwa Spika, wawakilishi wa wadi zote 40, na kamati inayoshughulikia utamaduni.

Waheshimiwa,

Wiki sita kabla ya mchezo mdogo wa kuigiza kufika mbele ya watu, kazi huwa imeshaanza mahali ambapo hakuna anayelipa kiingilio. Mtunzi anaufuta kwa mara ya tatu ukurasa aliodhani ameumaliza. Mwelekezi anahesabu hatua kutoka mlangoni hadi kwenye kiti, maana mwigizaji akichelewa kwa hatua mbili tu, kicheko cha hadhira kinapotea. Mshonaji anapima mabega ya watu ambao hawatamlipa hadi tiketi zinunuliwe. Meneja wa jukwaa ana daftari lenye kila kitu: nani anaingilia upande gani, kibuyu kinawekwa wapi, taa inazimwa neno gani likitamkwa. Siku ya onyesho watu hawa hawaonekani. Makofi ni ya waigizaji, picha za simu ni za waigizaji, na hiyo ni haki yao. Barua hii ni ya wale wengine. Inaletwa mbele ya Bunge kwa sababu Bunge ndilo linaloweza kuifanya kazi yao iwe kazi, badala ya kuwa jambo ambalo kijana hulifanya hadi apate kazi.

Masii iko kwenye barabara itokayo Machakos kuelekea Wamunyu na Kitui, katika eneo bunge la Mwala. Ni mji wa soko, shule, makanisa na matatu. Kikundi kinachotaka kuigiza hapo kina njia nne za kupata mahali: darasa siku ya Jumamosi, ukumbi wa kanisa, uga wa baa, au uwanja wazi chini ya turubai. Kila mahali pana bei yake, na bei hiyo haiishii kwenye pesa. Darasani, mwalimu mkuu atataka kuhakikishiwa kwamba hakuna neno litakalomletea simu kutoka juu. Kanisani, tukio la mlevi au la wapenzi litaondolewa kabla halijajaribiwa. Kwenye baa, watoto hawaingii, mama wa ushirika hawaingii, na chupa zinagongana katikati ya maneno mazito. Uwanjani kuna upepo, jua, na jenereta inayonguruma kuliko mwigizaji.

Hilo ndilo jambo ambalo watu wa nje ya fani hawaliwazi. Mahali huuandika mchezo kabla mtunzi hajashika kalamu. Mtunzi anayejua kwamba atapata darasa ataandika mchezo wa darasani, na anayejua kwamba atapata baa ataandika vichekesho. Mchezo ambao mtu wa Masii angeutazama pamoja na mwanawe wa miaka kumi na mama yake wa miaka sabini, wote watatu wakaguswa, hauandikwi, kwa kuwa hakuna pa kuuweka.

Waheshimiwa wanajua Katiba ya 2010 ilivyogawa majukumu. Jedwali la Nne, sehemu ya pili, linaikabidhi kaunti shughuli za utamaduni na burudani ya umma. Humo mmetajwa majumba ya sinema, maktaba, makavazi, michezo, bustani za kaunti, na hata kamari na leseni za pombe. Ukumbi wa tamthilia haukutajwa kwa jina, lakini shughuli za utamaduni pamoja na vifaa vyake zimo. Kifungu cha 11 kinaitaka dola ikuze utamaduni kupitia fasihi na sanaa. Kifungu cha 33 kinalinda uhuru wa ubunifu wa kisanaa. Kwa hiyo anayeulizia ukumbi wa Masii hapaswi kuelekezwa kwa waziri aliye Nairobi. Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, swali hilo ni la Machakos.

Machakos yenyewe haikulala. Mwaka 2014, chini ya gavana wa kwanza, Alfred Mutua, Bustani ya Watu ilifunguliwa mjini Machakos ikiwa na ukumbi wake wa wazi. Miaka hiyo hiyo jina la Machawood lilivuma, kaunti ikitangaza nia ya kuwa nyumba ya filamu. Nia hiyo ilikuwa njema na inastahili kusifiwa. Lakini ilielekea kwenye filamu na umati, na ilikaa mjini. Mchezo wa watu 120 ukiwekwa kwenye uwanja wa tamasha unamezwa, kwa kuwa mnong'ono haufiki safu ya tatu. Na mtu wa Kibauni au Muthetheni akija mjini kutazama onyesho la usiku, hana uhakika wa gari la kumrudisha.

Wasioamini kwamba sanaa inaweza kuwa riziki ya eneo hili watazame jirani. Wamunyu ipo mbele kidogo kwenye barabara hiyo hiyo. Mutisya wa Munge alirudi huko baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia akiwa amejifunza Tanganyika namna ya kuchonga vinyago vya kuuza. Aliwafundisha watu wa nyumbani, nao wakawafundisha wengine. Baadaye wachongaji wakaunda vyama vya ushirika, na mikono ya Wakamba ikafika Nairobi na Changamwe, Mombasa, ambako watalii hununua vinyago hadi leo. Kilichoikuza Wamunyu si kipaji pekee, kwa sababu kipaji kipo kila kijiji. Wachongaji walipata kibanda cha kufanyia kazi pamoja, mtu wa kuwauzia, na hesabu iliyoandikwa. Kazi iliyokuwa ya mtu mmoja ikawa ya wengi.

Tamthilia ya Ukambani ina vipaji vya kiwango hicho. David Mulwa, mwana wa Ukambani, amefundisha vizazi vya wasanii katika Chuo Kikuu cha Kenyatta, na tamthilia yake Inheritance ilisomwa na watahiniwa wa shule za sekondari kote nchini. Kilumi, ngoma ya wanawake watu wazima inayohusishwa na maombi ya mvua, ina mwendo, sauti na mpangilio wa jukwaani ambao mwelekezi yeyote mwenye macho angeuhusudu. Vyuma havikosekani, kinachokosekana ni karakana.

Halafu kuna hadithi zenyewe. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliamua kwamba Wakamba walikuwa na ng'ombe wengi kuliko ardhi yao ilivyoweza kubeba. Ng'ombe wakakamatwa kwa nguvu na kupigwa mnada kwa bei ya kutupa, huku kiwanda cha nyama cha Liebig's kule Athi River kikisubiri. Samuel Muindi Mbingu na wenzake wa Ukamba Members Association wakawakusanya watu. Julai mwaka huo, wanaume, wanawake na watoto kwa maelfu walikwenda Nairobi, wakapiga kambi, wakakataa kuondoka hadi waonane na Gavana Robert Brooke-Popham. Muindi Mbingu alikamatwa akapelekwa kizuizini Lamu, lakini serikali ikalazimika kuachana na mnada wa lazima. Leo jina lake liko kwenye barabara katikati ya jiji la Nairobi, na wengi wanaopita hapo hawajui alifanya nini.

Kikundi cha Masii kingeicheza vipi hadithi hiyo kikiwa na waigizaji sita? Hapo ndipo kazi ya timu isiyoonekana inapoanza. Maelfu ya watu hawawezi kupanda jukwaani, kwa hiyo mpiga ngoma na mwelekezi watatafuta mdundo wa miguu unaoanza mbali na kukaribia polepole hadi hadhira ijikute imo ndani ya msafara. Ng'ombe hawawezi kuletwa pia. Fundi wa sauti atapendekeza kengele moja ya shingoni, na mwigizaji anayejua kuisikiliza ikienda mbali hadi isisikike tena. Mbunifu wa mavazi ataamua kama karani wa mnada avae kofia ya kikoloni au shati safi tu, kwa maana shati safi kati ya watu waliovaa matambara linasema mengi kuliko kofia. Hakuna hata moja kati ya maamuzi haya linalofanywa siku ya onyesho. Hufanywa jioni baada ya jioni, na watu waliotoka shambani, dukani au kwenye bodaboda, wakiwa wamechoka na hawajala.

Hadithi za aina hii zina hadhira. Nairobi, tangu mwaka 2017, kikundi cha Too Early for Birds, kilichoanzishwa na Abu Sense na Ngartia, kimekuwa kikipandisha jukwaani historia ya Kenya. Kilianza kwa kuchota kwenye makala ya mwandishi Owaahh. Mwaka 2018 walileta Brazen, onyesho la wanawake waliothubutu katika historia ya nchi, lililoandikwa na Laura Ekumbo, Aleya Kassam na Anne Moraa. Mwaka 2019 wakamgeukia Tom Mboya. Vijana walioambiwa kwamba hawapendi historia walinunua tiketi. La kuangaliwa hapo ni namna kikundi hicho kilivyojitambulisha: watunzi na watafiti walitajwa, wakapigiwa makofi, wakajulikana kwa majina. Kizazi cha watazamaji kilianza kuelewa kwamba onyesho lina watu wengi nyuma yake.

Atakayejibu kwamba Nairobi ni Nairobi, na mambo hayo hayawezekani mashambani, akumbuke Limuru. Mwaka 1977, katika kijiji cha Kamĩrĩĩthũ, wakulima na vibarua walijenga wenyewe ukumbi wa wazi wenye nafasi ya watu zaidi ya 2,000. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika Ngaahika Ndeenda, naye Kimani Gecau akaielekeza, lakini maandishi hayakubaki mali ya watunzi. Yalisomwa hadharani kwa miezi, na wanakijiji wakasahihisha namna wazee wanavyosema, namna wimbo unavyoimbwa, namna mfanyakazi wa kiwandani anavyopokea mshahara wake. Mazoezi yalifanywa mbele ya kila aliyetaka kutazama. Timu ya ubunifu ilikuwa kijiji kizima, na mchezo ulioanza kuonyeshwa Oktoba 2 mwaka huo uliwavuta watu kutoka mbali, wengine wakija kwa mabasi ya kukodi.

Novemba 16 kibali kikafutwa. Desemba 31 Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini bila kushtakiwa, akakaa humo karibu mwaka mzima. Mwaka 1982 kikundi cha Kamĩrĩĩthũ kiliponuia kuonyesha mchezo mwingine, Maitũ Njugĩra, kilinyimwa ruhusa, na Machi mwaka huo polisi wakaubomoa ukumbi. Ngũgĩ wa Thiong'o aliaga dunia Mei 28, 2025, akiwa anajulikana duniani kote. Majina ya maseremala waliolijenga jukwaa lile hayafahamiki na wengi. Miaka 40 baada ya ubomoaji ule, mwaka 2022, Ngaahika Ndeenda ilionyeshwa katika Ukumbi wa Kitaifa wa Maigizo jijini Nairobi, mjini kabisa, mbali na wakulima ambao iliandikwa pamoja nao.

Katika miaka ya 90, Wahome Mutahi, aliyesomwa na nchi nzima kupitia safu yake ya Whispers, alipita njia nyingine. Kwa kuwa kumbi hazikuwepo, aliwafuata watu walipo. Yeye na kikundi cha Igiza Productions walicheza tamthilia za Kikuyu kwenye baa na hoteli, huku wakiwakejeli wenye madaraka wakati ambapo kufanya hivyo kulihitaji moyo. Wateja walijaa. Mutahi alifariki mwaka 2003, lakini alikuwa ameonyesha mambo mawili ambayo Masii inaweza kuyachukua: mchezo wa lugha ya nyumbani hupata watazamaji wanaolipa, na mchezo unaotembea hudumu kuliko unaokaa mahali pamoja. Kwa Ukambani, redio ya Musyi FM imethibitisha kwa miaka mingi kwamba Kikamba kina wasikilizaji wa kutosha kuendesha biashara. Jukwaa la Kikamba, linalochanganya Kiswahili pale wahusika wanapokichanganya maishani, si ndoto.

Hesabu iko hivi. Chukua ukumbi wa viti 120 na tiketi ya shilingi 200. Ukijaa kabisa, zinapatikana shilingi 24,000. Kikundi chenye watu 15, waigizaji pamoja na walio nyuma ya jukwaa, kikigawana sawasawa, kila mmoja anapata 1,600. Hapo ukumbi haujalipiwa, wala spika, wala mafuta ya jenereta, wala kitambaa, wala nauli, na mazoezi yalichukua wiki sita. Sasa mchezo huo huo uonyeshwe mara moja katika kila wadi ya Mwala: Mbiuni, Makutano/Mwala, Masii, Muthetheni, Wamunyu na Kibauni. Kiingilio kinafika shilingi 144,000, na mgao wa kila mtu 9,600, ilhali gharama ya mazoezi haikuongezeka hata kidogo. Anayeujua mchezo wa kuigiza kwa undani anajua kwamba kinachoua vikundi ni onyesho la kwanza ambalo pia ni la mwisho.

Ndiyo sababu vikundi vingi huru nchini huishi kwa vitabu teule. Huzunguka shule za sekondari wakiigiza tamthilia zinazotahiniwa, kwa sababu shule zina hadhira iliyo tayari na wanafunzi wanaohitaji kuiona Bembea ya Maisha, kama ilivyokuwa kwa Kigogo hapo awali, ikitembea kwa miguu. Ni kazi ya heshima. Imelisha familia na imewafundisha vijana wengi kusimama mbele ya watu. Lakini kitabu kikibadilishwa na wizara, mavazi na mazoezi ya mwaka mzima hutupwa, na shule zikifungwa, kikundi kinakaa bila senti. Zaidi ya hayo, kikundi kinachocheza vitabu teule peke yake hakimpi mtunzi wake chochote cha kuandika. Mtunzi huyo huishia kuuza maandishi kwa shule zinazojiandaa kwa tamasha za drama, ambako wakati mwingine jina lake halitajwi kabisa, na mchezo ukishinda, kikombe kinakwenda kabatini kwa shule.

Tamasha hizo zenyewe zinastahili shukrani kubwa kutoka kwa kila mpenda tamthilia wa Kenya. Zimekuwepo tangu mwaka 1959, na wengi wa waelekezi na waigizaji wazuri wa nchi hii walianzia hapo, wakipanda kutoka ngazi ya eneo hadi ya taifa. Mwalimu wa drama katika shule ya kawaida ya Mwala, anayebaki baada ya vipindi bila malipo ya ziada, ameifanyia sanaa ya nchi hii mengi kuliko wafadhili wengi. Kinachosikitisha ni kinachofuata. Mwanafunzi aliyejifunza kuelekeza, kuandaa taa au kutunga anamaliza kidato cha nne, na siku hiyo jukwaa linafungwa. Hakuna ngazi inayofuata Masii. Anakwenda Nairobi au anaacha.

Kuna jambo moja gumu ambalo barua hii haiwezi kulipita. Mwaka 2013, shule ya wasichana ya Butere ilizuiwa kuonyesha Shackles of Doom kwenye tamasha la taifa, na ilibidi Mahakama Kuu, mbele ya Jaji David Majanja, iamuru mchezo uonyeshwe. Aprili 2025, suala la shule hiyo hiyo likarudi mahakamani kwa ajili ya Echoes of War. Mahakama Kuu ya Kisii iliamuru wasichana waruhusiwe. Mwandishi wa tamthilia zote mbili, aliyekuwa seneta wa Kakamega, Cleophas Malala, alikamatwa, na Aprili 10 mjini Nakuru wanafunzi walijikuta katikati ya polisi na moshi wa kutoa machozi. Waliondoka bila kuigiza. Katiba ilikuwa inakaribia miaka 15 wakati huo.

Kwa hiyo msaada wowote wa kaunti kwa vikundi huru uje bila mkono kwenye maandishi. Afisa wa kaunti asiombwe kuusoma mchezo kabla ya onyesho, wala mchezo usiulizwe unamsifu nani. Desturi ya kuwaita wasanii kutumbuiza kwenye sikukuu za kitaifa, wakicheza dakika kumi kabla ya hotuba na kulipwa kwa siku hiyo tu, imewafanya wengi waamini kwamba sanaa ya umma ni ile inayowapendeza walioketi jukwaa kuu. Kikundi kitakachoigiza hadithi ya Muindi Mbingu kitagusa ardhi, mifugo na wenye nguvu wanaouza mali ya wasio nayo. Mtazamaji wa leo atafikiria mambo ya leo, na hiyo ni haki yake. Bunge linaloamini katika ugatuzi halina sababu ya kuliogopa jambo hilo.

Ombi la kwanza ni mahali. Haliombwi jumba la mamilioni lenye jiwe la msingi na maandishi ya dhahabu. Kinachotakiwa Masii ni chumba kimoja cha umma, kipya au kilichokarabatiwa, chenye sakafu ya mbao iliyoinuliwa, pazia, umeme usiotegemea waya wa jirani, na mlango wa nyuma wa kuingilia waigizaji. Paa la mabati liwe na dari, maana mvua ikinyesha kwenye mabati matupu hakuna sauti ya binadamu inayosikika. Kiwepo chumba cha kubadilishia mavazi kwa wanawake na kingine kwa wanaume. Kifungwe kwa ufunguo unaokaa na kamati ya wasanii na wakazi, ili kisigeuke ghala la mbolea msimu wa mvua. Na kitumike mchana pia, kwa watoto wa shule na kwa kina mama wanaofanya mazoezi ya nyimbo.

La pili ni saa. Masii jua linazama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo, na baada ya hapo bodaboda huwa ghali, tena njia si salama kwa wasichana. Mazoezi yanayoisha saa tatu usiku huwafukuza wanawake kwenye kikundi bila mtu yeyote kutamka neno. Chumba kikiwa wazi kuanzia alasiri siku za juma, na Jumapili baada ya ibada kwa maonyesho, wanawake watabaki kwenye timu, wakiwemo wale wanaotaka kuelekeza na kuandika. Kati ya mambo yote yanayoombwa hapa, hili ndilo la bei rahisi kuliko yote, na pengine ndilo litakalobadilisha mengi zaidi.

La tatu ni malipo ya mazoezi. Kaunti ikiamua kugharamia mchezo mmoja kwa mwaka katika kila eneo bunge, na kuna maeneo bunge manane, mkataba uwe na majina ya watu wote: mtunzi, mwelekezi, meneja wa jukwaa, fundi wa taa na sauti, mshonaji, mpiga ngoma, waigizaji. Kila mmoja alipwe kwa wiki alizofanya kazi, kwenye simu yake mwenyewe, badala ya fungu moja kukabidhiwa mwenyekiti wa kikundi. Malipo yaende sambamba na sharti la kuzunguka wadi, ili mchezo usife baada ya siku moja. Haki ya maandishi ibaki kwa mtunzi. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inamlinda maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, na mkataba wa kaunti usimnyang'anye ulinzi huo kwa mstari mmoja wa maandishi madogo.

Wapo watakaouliza kwa nini pesa za kaunti ziende kwenye maigizo wakati zahanati zinahitaji dawa na visima vinakauka. Swali hilo ni la haki, hasa Ukambani, ambako njaa za zamani zina majina na wazee wanazikumbuka kwa majina hayo. Jibu halipaswi kuwa kwamba sanaa ni muhimu kuliko maji. Jibu ni kwamba kiasi kinachoombwa hapa ni kidogo sana katika bajeti ya kaunti yenye watu 1,421,932 kwa sensa ya 2019, na kwamba Katiba haikuiruhusu kaunti ichague jukumu moja na kuliacha jingine. Isitoshe, mwaka 1982 huko Malya, Tanzania, Amandina Lihamba, Penina Muhando na wenzao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianza kufanya kazi na wanakijiji kuyaweka jukwaani matatizo ya kijiji chenyewe, ili watu wayajadili na kuyatafutia njia wao wenyewe. Kijiji kinachoweza kujadili maji yake jukwaani, kwa lugha yake, mwenyekiti wa kamati ya kisima akiwa ameketi kati ya watazamaji, kinamsaidia pia mhandisi wa maji.

Utaratibu wa kulitekeleza hili upo. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitaka kaunti iwasilishe mpango wake wa maendeleo wa mwaka mbele ya Bunge kufikia Septemba 1, taarifa ya mkakati wa fedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Kisicholetwa kwenye mpango wa Septemba huonekana kama mgeni kwenye bajeti ya Aprili, na wasanii wamezoea kufika Aprili. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti kinampa kila mtu haki ya kuleta ombi mbele ya Bunge hili, na Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka Bunge liwashirikishe wananchi katika kazi zake.

Kwa hiyo kamati ya utamaduni inaombwa ifike Masii kabla ya mpango ujao kukamilika, Jumapili alasiri, ikae na wasanii wa wadi sita za Mwala. Wasiitwe waigizaji peke yao. Waitwe pia watunzi, walimu wa drama, washonaji, mafundi wa taa na wapiga ngoma, kila mmoja aseme anachofanya, anachukua siku ngapi, na kinamgharimu nini. Karani wa Bunge aandike majina yao na hesabu zao, na kumbukumbu hizo ziambatanishwe na mpango utakaowasilishwa Septemba.